Faili la Kwanza Kuonekana

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imefika mlangoni, kompyuta imegoma, na mfamasia, koti jeupe limenyooka kwa pasi, alikuwa anaifokea skrini. Ndipo akaingia fundi wa kompyuta, dada mwenye blauzi ya njano na kalamu aliyoichomeka kwenye nywele.

“Sogea, kaka. Ukiifokea inanuna zaidi.”

“Haya, ibembeleze wewe.”

Akaandika palepale faili la kukokotoa dozi. Kwenye mstari wa juu, ambao kompyuta huuruka na binadamu tu huusoma, aliandika: *Kwa mfamasia asiye na subira.* Mfamasia aliusoma, akacheka, na wiki ileile akapata sababu nne za kumpigia simu.

Mwaka haukuisha, mama wa mfamasia, mgonjwa wa moyo, akawa anamwita fundi “mkwe” hata kabla ya posa. Kisha figo za mama zikadhoofika. Fundi akalirekebisha faili lile ili wenye figo dhaifu wapewe dawa kidogo.

“Nimemaliza, laazizi,” alisema kwenye simu.

“Una uhakika? Ni mama huyo.”

“Nimekagua mara tatu. Au unataka niape?”

“Apa kwamba utapika leo.”

“Hilo siapi!”

Wakacheka. Mwezi uliofuata mama alilazwa. Kompyuta ikatoa ile dozi kubwa ya zamani, mfamasia akaiamini, akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya tatu mama akafariki.

“Ulisema umerekebisha!”

“Nilirekebisha, mpenzi, haki ya Mungu—”

“Usiniite mpenzi.”

Akakata simu, na kwa wiki sita hakupokea nyingine. Mimi simlaumu. Mtu aliyefiwa hutafuta wa kumbebesha, na fundi alikuwa karibu.

Asubuhi moja, mfamasia akiwa bado likizo, fundi alikaa mbele ya kompyuta ile kutafuta kosa. Programu ikihitaji faili hupita folda moja baada ya nyingine kwa mpangilio iliopewa, na ikikuta jina inalolitaka hulichukua hilohilo, haiendi mbele. Faili lililorekebishwa lilikuwa kwenye folda ya pili. Kwenye ya kwanza, folda binafsi ya mfamasia, kulikuwa na nakala ya zamani yenye jina lilelile, na juu yake ule mstari wa utani. Mfamasia alikuwa ameitunza tangu wiki waliyokutana.

Fundi akashika mdomo. Kuifuta nakala ile kungetosha: kubonyeza mara moja, lawama ibaki kwake, na yule bwana asijue kamwe. Kidole kilikuwa juu ya kitufe mlango ulipofunguliwa. Mfamasia alikuwa amekonda, koti limejikunja.

“Umeona nini?”

“Kosa ni langu. Niliiambia kompyuta ianze kutafuta kwako, kwenye folda yako. Nilikuwa najaribu kitu siku ile ya kwanza, nikasahau kuondoa.”

“Kwangu kuna nini?”

Fundi akasogea kando ya skrini. Mfamasia akainama, akasoma. Alisoma mstari mmoja tu, kisha akakaa sakafuni.

“Nililiweka kwa sababu ya haya maneno,” alisema.

“Najua.”

“Ungenificha?”

“Nilikuwa karibu.”

Nje watu walianza kugonga dirisha. Fundi akaiondoa folda ile kwenye orodha, akachapa ripoti inayoeleza makosa yote mawili, lake na la mfamasia. Mfamasia akaisoma, akatia sahihi chini ya ile ya fundi.

“Kila nikikuona nitakumbuka,” alisema.

“Hata mimi. Niondoke?”

“Ukiondoka nitabaki na nani anayejua?” Akafuta macho kwa mkono wa koti. “Ile nakala usiifute. Ibadilishe jina, isije ikachukuliwa tena.”

“Niiite nini?”

Mfamasia akaigusa skrini, juu ya ule mstari.

“Iite alivyokuwa anakuita mama.”

Fundi akaandika herufi nne, huku haoni vizuri anachokiandika.