Gari Linalosahau

Raya alikuwa ametoka kununua sato wa baba yake pale soko la Mkuyuni, samaki wawili wakining'inia kwenye kamba, alipokuta njia ya mikokoteni imezibwa na gari dogo jeupe. Lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Likakohoa, likazimika. Wenye matenga ya nyanya wakaanza kumrushia dereva maneno.

Raya akainama dirishani. "Usikanyage mafuta, unalizamisha. Liache lipumue, kisha washa taratibu."

Kijana akamtazama: ovaroli ya bluu, ushungi wa rangi ya haradali uliofungwa nyuma ya shingo, na wale sato. "Dada, wewe ni fundi au muuza samaki?"

"Samaki ni wa baba. Gari ni lako. Washa."

Likawaka. Kijana akacheka kwa aibu, mkono ukifuta jasho kwenye shati jeupe lililonasa nyuzi za kila rangi. "Naitwa Suhaib, nashona makochi hapo nyuma ya soko. Gari la marehemu baba hili. Asubuhi halitaki kuwaka, na taa ya injini imenitoa roho."

"Mimi Raya. Nipo gereji, Nyakato. Lilete."

Akalileta, likiwa la moto, likinguruma kwa adabu kama mtoto mbele ya wageni. Taa ilikuwa imezimika. Raya akachomeka mashine ya kupimia. Mashine haikuona kosa. Akabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akamrudishia. Haikupita wiki taa ikarudi, na Suhaib akarudi. Raya akafungua boneti, na taa ikawa imezimika tena.

Ndivyo walivyozoeana. Siku moja Suhaib alikuja na mto alioushona kwa mabaki ya mahameli mekundu, akauweka juu ya benchi la chuma alilokuwa akikalia Raya. Baada ya hapo simu zikawa za kila alfajiri.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama. Gari limeamkaje?"

"Unauliza gari kabla yangu?"

"Wewe hukohoi."

Jioni wakikaa ufukweni, upepo wa ziwa ukipeperusha ushungi, Suhaib akamwambia kwamba wajomba zake watakwenda kwa Mzee Abeid, baba yake Raya, Ijumaa baada ya swala. Raya alitazama maji, akatabasamu. Lakini moyoni kulikuwa na kitu kinachomkwaruza.

Hakusomea ufundi chuoni. Alijifunza kwa kufungua na kufunga, akifuata jambo hatua kwa hatua, na hatua hizo zilikuwa zimemfikisha mahali pabaya. Kompyuta ya gari hutunza kumbukumbu. Ukifungua kichwa cha betri, husahau kosa, husahau taa, na saa ya dashibodi huanza kuhesabu upya. Kila mara gari la Suhaib lilipofika gerejini, mashine ilionyesha kompyuta haijamaliza kujipima, kama iliyozaliwa siku hiyo. Na ukihesabu kurudi nyuma kwa ile saa ya dashibodi, ilikuwa imeanza alfajiri.

Jonathan, mwenye gereji, alicheka aliposikia. "Anaifuta mwenyewe apate njia ya kuja. Au ana fundi mwingine, dada, wewe ni wa akiba."

Siku iliyofuata alimuuliza. "Suhaib, nani anafungua betri?"

"Betri? Hakuna mtu."

"Yupo. Kila alfajiri."

"Alfajiri mimi naswali, narudi kujinyoosha. Unajua hivyo, mpenzi, si ndipo ninapokupigia?"

"Gari linalala kwenu. Funguo unalala nazo wewe."

Suhaib akaacha kutabasamu. "Kwa hiyo nakudanganya."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Unaitazama tu hiyo mashine yako kama shahidi mahakamani." Akauchomoa waya wa mashine polepole, akamkabidhi. "Siku utakapoona mimi naaminika kama hii, nipigie."

Raya alipiga usiku uleule. Simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake hakuukalia ule mto. Aliusogeza pembeni, akakaa kwenye chuma.

Siku ya Jumatano baba yake alimwita sebuleni. "Ijumaa wageni wanakuja. Wapo wanaosema kimya cha binti ni ndiyo. Mimi siozeshi kwa kimya. Nataka neno."

"Baba, mtu akidanganya kwenye jambo dogo?"

"Umemwona akidanganya?"

"Nimeona dalili."

"Basi hujamwona."

Raya alikaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Ugonjwa wa gari ulikuwa wa baridi, na yeye tangu siku ile ya sokoni hakuwahi kulipima gari lile likiwa baridi. Alikuwa ametoa hukumu juu ya injini ya moto.

"Kesho baada ya swala ya alfajiri naenda kwa kina Suhaib, Mkolani," alisema. "Kulisikiliza."

"Nenda. Usivuke kizingiti chao."

Mawe ya Mkolani yalikuwa bado na umande bodaboda ilipomshusha. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya jiwe kubwa, nje ya nyumba, boneti limefunguliwa. Raya alisimama. Basi ni kweli, alijisemea.

Kisha akaona kanga. Aliyeinamia injini alikuwa Bi Moza, mama yake Suhaib, akikaza kichwa cha betri kwa spana namba kumi.

"Shikamoo, Mama."

Spana ikaanguka. "Marahaba." Mama akatazama mlangoni. "Usimwite."

Raya akaiokota, akangoja.

"Marehemu aliendesha malori ya Bukoba," mama akasema kwa sauti ya chini. "Gari halilali na umeme, ndivyo alivyokuwa akisema. Usiku anafungua, alfajiri anafunga. Alipofariki nikaendelea mimi. Ufunguo wake wa akiba ninao. Halafu nikaona nikifungua, ile taa inapotea. Na Suhaib ameapa, taa ikizidi kumsumbua ataliuza. Kofia ya baba yake bado imo mle ndani, mwanangu. Inanukia yeye."

"Taa haijapona, Mama. Inasahaulishwa tu, kesho inaugua upya."

"Usimwambie. Atasema akili zimeniruka."

Raya aliigeuza spana mkononi. "Sitamwambia. Lakini nimemfanya mwanao mwongo kwa sababu ya betri hii. Siwezi kuja kuishi humu na siri asiyoijua yeye."

Mama akajifunga kanga vizuri, akasogea dirishani. "Suhaib. Njoo nje, baba."

Suhaib alitoka na kikoi, macho mekundu. Mama alimweleza yote, akiwa ameshika kingo za boneti kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Ungeniambia tu, Mama," Suhaib akasema mwishowe. "Nisingeliuza." Kisha akamgeukia Raya. "Na wewe?"

"Nilikosea. Nilikuhukumu kabla ya kupima. Nisamehe."

"Iliniuma, Raya. Bado inauma."

"Najua." Raya akatoa mashine kwenye mkoba, akaichomeka, akamwomba awashe. Gari likatetemeka na kukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu sokoni Raya akaliona likiumwa. Akasoma kioo, akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa baridi kama mawe yale.

"Ni sensa, kile kidude kinachopima joto la maji ya injini. Gari limelala kwenye baridi, yenyewe inaapa maji yamechemka. Kompyuta inaamini, inalinyima mafuta. Likishapata moto, sensa inasema kweli, ndiyo maana gerejini sikuona kitu."

"Kumbe hata mashine huamini uongo," Suhaib akasema.

"Huamini."

Suhaib alizima gari. "Wajomba nimewaambia wasije kesho. Nipe mpaka Ijumaa ijayo, nikae na hili kwanza."

Raya aliitikia kwa kichwa. "Kaa nalo. Baba nitampa neno langu leo hata hivyo. Nitamwambia ndiyo."

Suhaib alitazama chini. Bi Moza alipita katikati yao, akaitumbukiza spana kwenye mfuko wa ovaroli ya Raya. "Kaa nayo wewe. Mkono wangu umezoea."

Jioni ile Raya alifunga sensa mpya gerejini, na Suhaib akalichukua gari kwa asante fupi. Alfajiri ya Ijumaa Raya alikuwa macho, simu juu ya kifua, akijiambia haitaita. Ikaita.

"Umeamkaje, fundi?"

"Salama. Gari limeamkaje?"

"Limewaka mara moja, kimya kabisa. Mama amelia." Raya akamsikia akipumua. "Mimi ndiye bado nakohoa kidogo."

"Basi usikate," Raya akasema. "Nakusikiliza."