Zamu ya Mzee wa Sauna

Raili aliegesha gari mbele ya nyumba ya mama yake saa tisa na nusu alasiri. Giza la Novemba, ambalo huko kaskazini huwahi, lilikuwa limeshaketi juu ya ziwa. Alikuja kuacha maziwa, kahawa na mkate mweusi, kisha aondoke. Dakika kumi, kila Jumanne, kama mtu anayelisha paka wa jirani.

Lakini dirisha la sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto kule uani, lilikuwa jekundu.

Sauna, Jumanne? Kijiji kizima kilioga Jumamosi. Hata msiba haukuwahi kuihamisha siku hiyo.

Lempi, mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa ameketi jikoni kando ya jiko la matofali. Amevaa koti, anasinzia. Alimuuliza bintiye Raili kama atakunywa kahawa. Raili akasema hapana. Mama akamuuliza tena. Miwani yake ilikuwa ndani ya friji, juu ya siagi.

"Nani kawasha sauna, Mama?"

"Yule mzee," Lempi alinong'ona. "Kaanza tena kunihamishia vitu."

Yule mzee kila mtoto wa huko anamjua. Ni pepo wa sauna, mlinzi wa moto. Watu wakishaoga, mvuke wa mwisho huachiwa yeye, na hapo haingii mtu. Watu wazima huishika mila hiyo huku wakitabasamu. Lempi hakutabasamu. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akimtaja mzee huyo kwa kila kitu: funguo zilizopotea, vijiko, hata jina la dada yake lililomtoka kichwani. Raili alimsimulia kaka yake Ensio kwenye simu, na Ensio akasema mzee akipata nafasi aje amwoshee gari. Wakacheka. Wakakubaliana kwamba mama anadeka. Mwalimu mmoja, mhandisi mmoja, macho manne yaliyosomeshwa, na hakuna hata moja lililoona.

Raili akasema anakwenda kumfukuza huyo mgeni. Lempi akamshika mkono wa koti.

"Usiingie, mwanangu. Hii zamu yake."

Raili alijinasua, akavuka ua huku akicheka.

Akaingia na viatu vyake vya theluji, makusudi. Akafunga mlango ili joto lisitoke. Joto lilikuwa zito. Kulikuwa na harufu ya mbao na lami... lakini moshi haukuwapo hata kidogo.

"Toka basi, mzee," akasema. "Nikuone."



Akaketi benchi la chini, amngoje kwa dhihaka. Kichwa kikaanza kumgonga. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani.

Kisha...

Tsssss.

Mtu alikuwa amemwaga maji juu ya mawe ya moto.

Mvuke ukapanda. Raili alitaka kusimama, magoti yakakataa. Juu, kwenye benchi la mwisho, aliketi mwanamume mkavu kama kuni, uchi, uso umeelekea ukutani. Hakugeuka. Aliuliza polepole, kama mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni:

"Nani kafunga?"

Raili akainua macho.

Kifuniko cha bomba la moshi kilikuwa kimesukumwa ndani hadi mwisho. Chini yake makaa yalikuwa mekundu bado, na juu ya makaa zilicheza ndimi za buluu.

Mtoto wa miaka saba huko anajua: ukiona buluu, usifunge. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na humuua mtu angali anaota. Lempi ndiye aliyemfundisha, kwa kumchapa vidole ili asisahau.

Akatambaa. Kizingiti. Theluji. Akatapika.

Ndipo akakumbuka jiko la matofali.

Hakujua alivukaje ua. Mama yake alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, na kifuniko cha bomba la jiko nacho kimefungwa. Raili alimburura kwa kwapa hadi nje, akamkumbatia kwenye baridi mpaka akamsikia akikohoa.

Hospitalini, daktari alieleza kwamba hewa ile huwafanya watu waone na kusikia yasiyokuwapo. Raili aliyapokea maneno hayo kama sadaka. Kisha daktari akauliza mama alianza kubadilika lini. Raili akataja funguo, vijiko, miwani, jina la dada. Vichekesho vyote alivyomsimulia Ensio, daktari aliviandika kimoja kimoja, na hakucheka.

Halafu daktari akamgeukia Lempi. Akamuuliza kwa upole kama anamwogopa huyo mzee.

"Yule? Simwogopi. Yeye hunisikiliza." Lempi akamsogelea, akashusha sauti. "Lakini kuna mwanamke, daktari... Huja. Huzunguka nyumbani kwangu anacheka. Mwambie asije tena."

Alikuwa akimtazama Raili, macho yamemtoka kwa hofu.

Raili akageuka upesi, aone ni nani aliyesimama nyuma yake.

Palikuwa na ukuta tu.