Kigawi cha Nyumba ya Ukaya

Hidaya alipoanza kusukuma mtoto kule hospitali, huku kwenye ukumbi wa chakula wa Nyumba ya Ukaya dada zake wote waliweka vijiko chini kwa pamoja, kama walioamriwa.

Hakuna aliyelia. Mmoja alifumba macho, mwingine akashika ukingo wa meza, wa tatu akasema, "Huyu wa kiume, anavyokuja kwa fujo hivi," nao wakacheka. Kipaza sauti cha ukutani kilileta sauti ya Hidaya mwenyewe, anamweleza mkunga majina aliyoyapenda na aliyoyakataa, kwa raha zake, kama mtu anayesukwa nywele. Uchungu ulikuwa umemwacha yeye ukahamia mezani.

Hiyo ndiyo kazi ya Kigawi. Chenyewe kilikuwa mtambo wa kimo cha mtungi wa maji, umefungwa chini ya ngazi ya nyumba ile. Kila dada aliwekewa shanga chini ya ngozi, nyuma ya sikio, nayo shanga ikajiunga na mishipa ya fahamu. Mwili wa mmoja ukiumia, shanga yake huyadaka maumivu kabla hayajafika kichwani, na Kigawi huyakatakata kikawagawia wote. Korogwe ya zama hizo, yenye treni za angani na roboti za kuzibua mitaro, ilikuwa na nyumba nyingi za udada na za ukaka pale chuo kikuu. Yenye Kigawi ilikuwa hiyo moja tu, na wasichana waliipigania.

Nakiete Mrutu alikuwa amekaa mwisho wa meza, mwali aliyeingia juzi. Yeye kijiko hakukiweka, kilimtoka. Kiuno kilimkatika kama kinachopasuliwa kwa patasi, na alipopata fahamu shavu lake lilikuwa sakafuni na mate yanamtoka. Chini ya meza aliiona miguu ya wenzake imetulia. Mmoja alikuwa anajikuna kwa kidole gumba.

"Mwali kaanguka," mtu akasema huko juu.

"Mwinueni. Ndiyo kwanza anaanza, atazoea."

Upande wa pili wa meza alikuwapo mwali mwenzake, Leokadia, ambaye kama Nakiete alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Leokadia hakuanguka, ila midomo yake ilikuwa imegeuka majivu. Walipotazamana akajaribu kutabasamu.

Kwa desturi, nyumba za udada zilikuwa mambo ya watoto wa shahada ya kwanza. Msichana akihitimu huaga mezani mbele ya wenzake, akavuliwa kanga ya nyumba, akaenda zake kuanza maisha. Lakini mwaka ule Ukaya walizunguka wenyewe kwenye maabara kuwatafuta watu wa shahada za juu. Aliyewaongoza ni Shemsa, somo wa nyumba, mwanasheria aliyekwisha hitimu mara mbili na bado hajaaga.

"Tumechoka na watoto," Shemsa alimwambia Nakiete siku ile, amejikalia juu ya meza ya vipimo kama kwao. "Tunataka watu waliokomaa. Na wewe, nasikia, una selimundu."

Hapo ndipo walipompatia. Nakiete alizaliwa nayo. Tangu utotoni alijua mifupa inavyoweza kumgeukia mtu, ikasagika yenyewe kwa yenyewe siku nzima na mama yake amepiga magoti kando ya kitanda anamwomba Mungu apunguze japo kidogo. Rika lake walikuwa wamekwisha pata kazi na watoto. Yeye bado anasoma, maana kila akikaribia kumaliza tasnifu ugonjwa humlaza. Profesa wake alikuwa amemwambia bila kificho kwamba mwaka huo ni wa mwisho. Aitetee tasnifu au aondoke.

"Ukishikwa, tutakupokea," alisema Shemsa. "Kila dada kidogo. Utaona kama mbu kakuuma."

Nakiete akakubali shanga.

Akabeba. Alibeba jino la huyu na kipandauso cha yule, tumbo la mwezi la nyumba nzima, mguu wa binti aliyeteleza bafuni. Kila mara wenzake walisita kidogo wakaendelea na mazungumzo, yeye akaenda kujifungia chooni na kuuma taulo. Alijipa moyo kwamba ni ugeni. Alikuwa anangoja zamu yake.

Zamu ikaja na baridi. Ilimshika katikati ya mchana, nyonga kwanza, kisha mgongo, kisha kifua. Akalala akasubiri Kigawi kimpunguzie. Hakikupunguza. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwasikia dada zake wanacheza karata sebuleni, na mmoja anamtania mwenzake kwamba anaiba.

Alipopata nguvu ya kukaa, ndipo akili ya kazi yake ilipomrudia. Nakiete alikuwa anachunguza madaraja ya treni za angani, jinsi mzigo unavyogawanyika kati ya boriti. Mtu asiyejua hudhani kila boriti hubeba sawa. Si hivyo. Boriti isiyopinda ndiyo inayobeba zaidi. Zile laini hulegea kidogo na kumwachia mwenzao. Aliwafundisha hayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila muhula, na shanga alikubali kuwekwa bila kuuliza mtambo unagawa kwa kipimo gani.

Akamfuata Shemsa chumbani kwake, anajishika ukutani.

"Somo, Kigawi kinagawa vipi?"

Shemsa alikuwa anapaka rangi kucha. Wala hakushtuka. "Kinapima uvumilivu wa kila mtu. Anayeweza zaidi anapewa zaidi."

"Na mimi nikiumwa?"

"Kinamtafuta anayeweza zaidi." Akapuliza kucha. "Ambaye ni wewe."

"Kwa hiyo yangu yananirudia."

"Karibu yote. Mwaka wa kwanza tuliweka sawa kwa sawa, mwali wangu. Watoto wakazimia kwenye mitihani, wazazi wakaja juu, nusu ya nyumba wakajitoa. Nani atakaa kwenye udada unaouma? Wewe umezoea. Sisi hatujazoea."

"Mlinidanganya."

"Tulikwambia tunataka watu waliokomaa." Shemsa akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ukitaka kutoka, toka. Lakini unajua anayekufuata kwa uvumilivu."

Nakiete alijua. Leokadia aliungua moto angali mtoto, mgongo wote, katika nyumba iliyowateketeza wazazi na ndugu zake. Maumivu aliyafahamu. Lakini boriti ya pili haina nguvu ya ile ya kwanza. Ukiichomoa ya kwanza ghafla na mzigo ungali juu, ya pili haipindi, huvunjika. Hilo nalo alikuwa akilifundisha.

Kesho yake alikwenda kwa Leokadia amwambie. Alimkuta anapiga pasi kanga ya nyumba, anaimba wimbo wa kanisani.

"Dada Naki, karibu. Umepona?"

"Kidogo. Leokadia, nina neno."

"Ngoja kwanza nikwambie langu. Jana mgongo uliniuma ule wa zamani. Unajua nilifikiri nini? Nikafikiri, sasa hivi kuna mtu jikoni anausikia. Maisha yangu yote sijawahi kuumwa na mtu akajua." Akacheka kwa aibu, akageuza pasi. "Haya, neno gani?"

Nakiete akaitazama pasi ikienda na kurudi. Kutetea tasnifu kulikuwa kumebaki wiki moja. Akimwambia, Leokadia ataondoka hata leo, na mzigo wote utambakia yeye, na wiki hiyo hataweza hata kusimama mbele ya watahini. Akipiga hesabu kila upande, jibu lilikuwa lile lile.

"Nilitaka kuazima pasi," akasema.

Hakuaga mezani kama desturi ilivyotaka. Alikwenda peke yake kliniki, asubuhi ya siku ya kutetea, na roboti ya upasuaji ikamwuliza kwa sauti yake ya upole kama amewataarifu dada zake wa nyumba. Akajibu ndiyo. Shanga ikatoka kama punje ya ulezi.

Saa zile zile alipokuwa amesimama mbele ya watahini, kichwa chepesi, maneno yanamjia yenyewe, lifti ya mizigo sokoni ilimbana binti mmoja wa Ukaya miguu yote miwili. Binti yule aliwaelekeza waokoaji wapi pa kukata chuma, ametulia, na watu wakastaajabu ujasiri wake. Leokadia alikuwa kwenye foleni ya kantini. Alishika sinia kwa mikono miwili, akasema, "Yesu wangu," akaanguka na sinia lake.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na mdomo.

Nakiete alipata shahada. Ukaya walimletea shada la maua na vigelegele, Shemsa akiwa mbele, na hakuna aliyetaja shanga. Juu ya Leokadia walisema anatunzwa vizuri. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwenda kumwona.

Alikwenda yeye. Leokadia alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha, jicho moja limelegea. Alipomwona alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Dada Naki," akasema, kwa maneno yaliyoburuzika. "Wewe peke yako. Umekuja."

"Nimekuja, mdogo wangu."

"Nilikuwa nataka kukuuliza." Akapumzika, akakusanya ulimi. "Siku ile. Yalikuwa makubwa sana. Nikasema, haiwezekani haya ni fungu tu. Na wewe uliyasikia?"

Nakiete akavuta mtandio wake mbele, ukafunika sikio na kovu dogo lililokuwa nyuma yake.

"Niliyasikia."

"Makubwa hivyo?"

"Makubwa hivyo. Sote tuliyasikia."

Leokadia akafumba jicho lile zima, akashusha pumzi. Mkono wake wa kushoto ukatambaa juu ya shuka, ukaupata mkono wa Nakiete, ukaupapasa polepole, kama anayempa pole.