Majani ya Ngalula

Rafiki yangu Mwansa hana tabia ya kutunga, kwa hiyo nayasimulia haya kama alivyonieleza.

Ilikuwa mwaka ule watu walipofukuzwa Lubumbashi kwa kuwa babu zao walitoka mkoa wa Kasai. Ngalula, aliyekua pamoja na Mwansa, alilala kituoni na wanawe, bila chakula, wakingoja treni, kisha habari zao zikakatika. Mwansa ni mfinyanzi. Aliingia katika nyumba tupu ya Ngalula katika mtaa wa Annexe, akaanza kuwafinyanga majirani wote walioondoka. Nyuso alizifanya kwa udongo wa kichuguu, miguu kwa matawi, matumbo kwa majani makavu.

Alasiri moja wingu zito lilitanda, naye akakumbuka turubai aliloliacha katika nyumba ile.

"Yaya, usikawie, mvula iko nakuya," mdogo wake Deborah alimwambia; yaya kwao ni ndugu mkubwa.

"Minarudi sasa hivi."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mabati, na ndani giza lilikuwa totoro. Alikuwa akipapasa ukuta aliposikia mtu akitafuna, polepole na kwa taabu, kama anayekula kitu kikavu bila maji. Akadhani ni panya, akapiga makofi. Kutafuna hakukukoma.

"Ngalula?" aliita, bila kujua kwa nini.

Kutafuna kukakoma.

Alinyoosha mkono, akaigusa sanamu ya Ngalula. Tumbo lilikuwa limefumuliwa, halina hata jani moja. Vidole vyake vikapanda hadi usoni. Mdomo alioufunga mwenyewe kwa kidole gumba ulikuwa wazi, umejaa majani yaliyotafunwa, yameloa mate, na bado yana joto.