Siku Bosi Alipopelekwa Kupasuliwa Kichwa

Kila asubuhi Chiriku alifagia uwanja huku mbwa wao, Bosi, akimfuata nyuma na kutawanya takataka zote. "We, toka hapa!" Bosi anaangalia pembeni kama hasikii. Chiriku lilikuwa jina la utani tu. Binti huyo mdomo wake haukujua kupumzika.

Lakini leo ufagio haukuguswa kabisa. Juu ya jicho la Bosi palikuwa pameota uvimbe mgumu kama jiwe. Picha ya eksirei ilionyesha ni mfupa wa fuvu uliokuwa unaota vibaya. Ukiachwa, ungebana ubongo, kwa hiyo leo alikuwa anakwenda kupasuliwa. Daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi, alikuwa amemwonya baba: "Kuanzia jioni ya kuamkia upasuaji asile kitu chochote. Ni maji tu."

Sasa Bosi kakaa mlangoni mwa jiko, anamkazia Chiriku macho ya kuomba. We acha tu, moyo ukamlainika. Akachungulia huku, akachungulia kule. Kipande cha mkate, maziwa juu yake. Bosi akafyeka chote, kwisha habari!

Kule kliniki, Bosi akapandishwa mezani.

"Hajala?" daktari aliuliza.

"Hajagusa kitu," baba alijibu akitabasamu. "Binti yangu ndiye mlinzi wake."

Chiriku, yule yule wa maneno mengi, akajifanya anampapasa Bosi masikio. Msaidizi akaanza kunyoa manyoya ya mguu wa Bosi, mahali pa kuchoma sindano ya usingizi.

"Daktari," Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "hivi akiwa amekula kidogo, inakuwaje?"

"Akilala kwa dawa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu. Anaweza asiamke, mwanangu."

Msaidizi akachukua sindano.

"Msimchome!" Chiriku alipiga kelele. "Nimempa mkate! Na maziwa! Mimi!"

Baba akamgeukia. "We mtoto! Nimefunga karakana siku nzima, kumbe—"

"Mzee, taratibu," daktari alimkatiza. "Sindano irudi. Bosi atalala hapa kwetu, tutampasua kesho. Hapa hakuna wa kumwonea huruma jikoni."

Kesho yake baba na binti walikaa kwenye benchi la nje, hawasemeshani. Chiriku alikuwa amezitafuna kucha zote. Hatimaye mlango ukafunguliwa, daktari akatoka akivua glavu.

"Uvimbe umetoka wote! Tumeukata mfupa pole pole, ubongo haukuguswa. Na ameamka."

Baba akashusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa gunia. Akamvuta binti yake kifuani. Chiriku akalia kwa furaha.

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Ulikosea kwa sababu ya huruma, lakini ulikosea. Jana ungenyamaza, ningefanya kazi yangu vizuri kabisa na mbwa angekufa vilevile. Mimi na kisu changu tunategemea kuambiwa ukweli. Ukikosea, sema mapema, hata kama miguu inatetemeka."

"Hata kama baba amekutolea macho," baba aliongeza. "Na mimi nilipaswa kukuuliza kabla ya kukujibia."

"Naweza kumwona?"

"Ingia. Ila usiongee sana, anaumwa kichwa."

Bosi alikuwa amefungwa bendeji kama kilemba. Akafungua jicho moja, akamtazama Chiriku, akalifumba tena kwa raha zake.