Ognjen Hakunywa

Nyumbani kwa Milisav chakula cha mchana huanza na supu. Mwaka ule supu ya Ognjen, mwanawe, iliishia mezani, kwenye shati, na siku moja mgongoni kwa paka. Mikono yake ilitetemeka. Ulimi nao ulikuwa mzito. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kijiji hakikuhitaji daktari. Kilishajua: kijana anaiba rakija, pombe kali ya matunda, ya baba yake. Milisav hupika rakija kali kuliko wote huku kwetu, nani angejizuia? Milisav akatia kufuli ghalani. Mikono ikazidi kutetemeka. Watu wakasema, mnaona, sasa ana arosto ya kukosa pombe.

Ognjen aliapa kwamba hagusi pombe. Walevi wote huapa, wakasema.

Dada yake, Jelica, alikuwa akisomea udaktari mjini. Yeye alimkalisha chini akamweleza jinsi pombe inavyokula ini. Alieleza vizuri sana. Ognjen alisikiliza mpaka mwisho, kisha maneno yakamtoka kwa shida.

"Dada, na wewe pia?"

Ikafika sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Jelica alikuja na mwanafunzi mwenzake, Strahinja. Desturi ni desturi: mtoto wa kiume ndiye huwamiminia wageni. Nusu ya chupa ikanywewa na kitambaa cha meza. Mjomba mmoja akasema kijana ameshaonja kwa niaba yetu sote. Watu wakacheka. Ognjen akaweka chupa chini, akatoka.

Strahinja alimfuata uani, wakakaa juani wakizungumza. Aliporudi alimvuta Jelica kando.

"Ndugu yako hanuki pombe."

"Walevi wana ujanja wao."

"Na ile pete ya kahawia machoni?"

Jelica akasema mama yao anaifurahia sana, anasema kijana ameanza kufanana na babu yake. Kisha akageuka kutazama uani.

"Swali la pete hiyo kwenye mtihani ulipata alama zote, Jelica."

Ni kweli. Magonjwa adimu walifundishwa siku moja tu, mwisho wa mwaka. Mwalimu akawaambia wayakariri kwa ajili ya mtihani, maana hawatakutana nayo maishani. Jelica aliukariri ugonjwa wa Wilson neno kwa neno. Hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa huo unaweza kukaa naye meza moja.

Hospitalini walimpima Ognjen damu, mkojo na macho. Daktari Desanka akawaeleza wazazi. Chakula kina shaba kidogo, na ini la mtu mwenye afya huitoa iliyozidi. Ini la Ognjen haliwezi. Shaba imejaa kwenye ini, ubongoni na machoni.

Milisav akauliza kwa sauti ndogo kama ni ule mtungi wake wa shaba wa kupikia rakija.

"Hapana, mzee. Amezaliwa na ugonjwa huu. Kila mzazi amempa nusu bila kujua, na nyinyi wenyewe hamuugui. Atameza dawa maisha yake yote, asiache hata akijiona mzima. Na dada yake apimwe leo, hata kama haumwi popote."

Jelica alipimwa. Naye alikuwa nao. Ila kwake shaba ilikuwa haijaharibu kitu, na dawa zikamuwahi.

"Basi mlevi wako amekuokoa," Ognjen akamwambia.

Jelica hakucheka.

Mikono ya Ognjen imetulia, sasa anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ulimi haukurudi. Daktari alisema wangemleta mapema, ungerudi. Kila mwaka Jelica humpeleka mbele ya wanafunzi wapya wa udaktari na uuguzi. Wanamwangalia macho, wanamuuliza, wanamngoja ajibu. Msichana mmoja kati yao alirudi kwao likizo, akamtazama binamu yake aliyeitwa mvivu, akampeleka kupimwa. Yule aliwahiwa.

Huku kijijini watu bado wanamsimamisha Ognjen njiani, wanampa mkono, wanampongeza kwa kuacha pombe. Yeye huwashukuru. Kuwaeleza kungemchukua mchana kutwa.