Bao Lisilofunikwa

Shemeji yangu Harithi, mume wa dada yangu Waridi, alikuwa fundi redio mjini Dodoma, miaka ile vitu vya Dubai vilipoanza kumwagika madukani. Mikono yake haikujua kutulia. Akanunua gemu ya kushika mkononi, yenye kioo cha kijivu, akaiunganisha na kompyuta ya chuo alichokuwa akisoma jioni, akaifundisha bao. Bao letu hili la kete.

Ilikuwa nzito mashine hiyo, we acha tu. Ukicheza, inaandika NAFIKIRI. Unakwenda sokoni, unarudi, unapika, unakula, bado inafikiri. "Shemeji," nikamwambia, "hii umeifundisha bao au uvivu?" Waridi akacheka huku ameshika tumbo. Mimba ya kwanza hiyo, baada ya miaka ya kungoja na kusemwa na watu.

Kwenye bao, kete yako ya mwisho ikidondokea shimo tupu, umelala. Zamu inakwenda kwa mwenzako. Harithi aliiwekea mashine neno hilo: UMELALA.

Kisha baba yake, mzee Swalihu, akafariki, na bao lake na mzee Yotham wa Hombolo lilikuwa halijaisha. Msibani Yotham alimwambia Harithi, "Lifunike, mwanangu. Bao la marehemu halimaliziwi." Kwetu ndivyo ilivyo: ubao unageuzwa, kete zinamwagika, basi. Harithi akaitikia, "Ndiyo, mzee." Hakulifunika. Alizipanga kete zile zile ndani ya mashine, upande wa baba yake akaipa mashine, wa Yotham akaushika yeye. Alimkumbuka baba yake, si zaidi ya hapo. Lakini mimi hasira haijanitoka hadi leo.

Alicheza mchana, tumekaa uani tunachambua mchicha. Mashine ikaandika UMELALA. Harithi akainamisha kichwa. Tulidhani ni uchovu wa msiba. Tukamwita. Tukamtikisa. Tukammwagia maji. Hakuamka.

Mashine ilipocheza, akafumbua macho, akauliza kama mchicha umeiva.

Mara ya pili alilala tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Mara ya tatu, hadi kesho yake. Mashine ilizidi kufikiri, yeye alizidi kukonda. Kuacha hakuweza, vidole vilikwenda vyenyewe.

"Toa betri," nilimnong'oneza Waridi.

"Zikizimika kabla haijacheza, nani atamwamsha?"

Niliogopa, nasema kweli.

Ijumaa moja akaamka mifupa mitupu. Vidole vikaanza kutafuta vitufe. Waridi akamnyang'anya. "Mume wangu halali tena," akasema, taratibu kabisa, akabonyeza mwenyewe. Naye bao halijui.

UMELALA.

Nikamshika Waridi mabega, nikingoja aanguke. Hakuanguka. Tukatazamana. Harithi akalia kwa furaha, akaomba chai.

Ndipo Waridi akaweka mkono tumboni. "Mdogo wangu," akanong'ona, "mtoto hachezi."

Nesi alisikiliza, akasema moyo unapiga, kalala tu. Miezi ikatimia. Ikapita. Uchungu haukuja. Zabibu zimevunwa mara mbili sasa, na dada yangu ana tumbo lile lile. Harithi kapona, kanenepa. Mashine, ambayo bado inaandika NAFIKIRI, ameiunga na betri ya gari na haondoki karibu nayo. Hakuna anayethubutu kuizima.

Juzi nilikuwa nampaka Waridi mafuta tumboni. Kitu kikagusa kiganja changu kwa ndani. Kikasogea kidogo, kikagusa. Kikasogea, kikagusa. Halikuwa teke. Kilikwenda polepole, kwa mstari, kama mtu anayedondosha kete shimo kwa shimo. Kisha kikatulia.

"Mtoto anacheza," nikasema.

Waridi alikuwa ameshageukia kioo cha mashine; NAFIKIRI ilikuwa imefutika. Harithi anaapa hajawahi kuiandikia mashine neno jingine zaidi ya NAFIKIRI na UMELALA, nami namwamini.

UMELALA, MJUKUU WANGU.